Chozi Huyu na Chozi Hili: Uhakiki wa Majina ya Ndege wa Pwani ya Dar es Salaam

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki jinsi majina ya ndege yanavyoshughulikiwa katika kamusi, vitabu vya shule na orodha za istilahi za Kiswahili. Mifano karibu yote imechukuliwa katika jiji la Dar es Salaam na kandokando yake, kuanzia mabwawa ya chumvi ya Kunduchi hadi msitu wa Pugu, kwa sababu mbili. Kwanza, ndege wa huko ni wa namna nyingi: wako wa ufukoni, wa mikokoni, wa bustanini na wa msituni. Pili, ni katika jiji hilo ambamo sehemu kubwa ya kamusi na orodha zetu imeandikwa. Kwa hiyo mtunga kamusi hawezi kujitetea kwamba ndege anaowaeleza wako mbali naye. Wengi wao angeweza kuwaona kwa kuinua macho dirishani.

Kabla ya kuendelea, mwandishi hana budi kukiri kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa wakosaji. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia majina yaliyokuwa katika chati ya ukutani ya ndege, iliyokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya shule za msingi. Chini ya picha ya ndege mdogo afyonzaye maua kulikuwa na jina "ndege-jua". Niliona kwamba jina hilo limefuata neno la Kiingereza sehemu kwa sehemu. Sikuona kosa la sarufi ndani yake, nikalipitisha, na chati ikachapwa.

Baadaye mtoto wa dada yangu, aliyekuwa darasa la nne, alinijia na daftari lenye mkato wa wino mwekundu. Swali lilimtaka ataje jina la ndege aliyechorwa, naye alikuwa ameandika "chozi", kama wasemavyo mama yake na bibi yake.

"Mama mdogo," aliniambia, "mwalimu amenikosesha. Amesema chozi ni maji ya macho, huyu anaitwa ndege-jua."

Mwalimu hakubuni neno hilo. Yeye alifuata chati, na chati ilifuata idhini yangu. Mtoto aliyekijua Kiswahili alinyimwa alama yake kwa sababu mimi niliyeajiriwa kukijua sikukiuliza.

Sasa rasimu nyingine imefika mezani, nayo ni orodha ndefu zaidi, iliyokusudiwa kuingizwa katika kijitabu cha watazama ndege wa jijini na wanafunzi wao. Safari hii niliona ni wajibu kuipima kabla ya kuipitisha. Niliipima kwa njia mbili: kwanza kwa kuilinganisha na kamusi zetu, kisha kwa kuichukua hadi ufukoni. Yafuatayo ni matokeo ya vipimo hivyo viwili.

Fasili zisizotambulisha

Kazi ya fasili ni kumwezesha msomaji kukitambua kitu akionapo. Fasili ya neno "nyundo" isiyomwezesha mtu kuitofautisha nyundo na shoka haijatimiza wajibu wake. Lakini katika kamusi zetu, yanapofika majina ya ndege, kanuni hii hulegezwa. Fasili nyingi hutosheka kusema "aina ya ndege" au "ndege mdogo", na zikizidi sana huongeza "aishiye pwani". Msomaji asiyemjua ndege huyo hubaki pale pale alipokuwa, na amjuaye hakuhitaji kufungua kamusi.

Chanzo cha udhaifu huu hakiko mbali. Kamusi kubwa za mwanzo za Kiswahili zilitungwa na wageni kwa ajili ya wageni. Ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na mwaka 1939 zikatoka ya Johnson na ya Sacleux. Katika kamusi za lugha mbili mtunzi hana haja ya kumweleza ndege kwa urefu. Humtajia msomaji wake jina la ndege huyo katika Kiingereza au Kifaransa, basi, kazi imekwisha. Tulipoanza kutunga kamusi kubwa za Kiswahili kwa Kiswahili, kama ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, jina la kigeni halikuwa na nafasi tena. Inaelekea kwamba mara nyingi liliondolewa bila ya kuwekwa maelezo mahali pake. Kilichosalia ni "aina ya ndege".

Huenda mtu akasema kwamba kamusi si kitabu cha elimuviumbe. Hilo ni kweli, wala hatudai kurasa nzima. Tunadai mambo manne tu: umbo, rangi, chakula na mahali. Tuchukue mifano michache:

Chozi: ndege mdogo sana mwenye mdomo mwembamba uliopinda, afyonzaye maji matamu ya maua, madume ya aina nyingi yana manyoya yanayong'aa.

Detepwani: ndege mweusi na mweupe mwenye kichwa kikubwa na mdomo mrefu, asimamaye hewani juu ya maji akipigapiga mabawa kabla ya kujitosa kukamata samaki.

Sululu: ndege wa ufukoni mwenye manyoya ya kahawia yenye michirizi, miguu mirefu, na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini.

Fasili hizi hazikuzidi mistari miwili mitatu. Lakini mtu akisimama penye mdomo wa Mto Msimbazi maji yanapokupwa, akiwa na mojawapo mkononi, atamtambua ndege aliyetajwa. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza: fasili isomwe mbele ya ndege mwenyewe. Isipomtambulisha, irudishwe mezani.

Tafsiri sisisi na watoto wake

Udhaifu wa fasili huzaa udhaifu wa pili. Mfasiri aliye na kitabu cha Kiingereza mbele yake anatafuta jina la Kiswahili la ndege aliyechorwa. Hafungui kamusi akakuta maelezo yanayolingana na picha, kwa kuwa maelezo hayamo. Hukata tamaa, akadhani kwamba Kiswahili hakina jina, akalivunja jina la Kiingereza vipandevipande na kukifasiri kila kipande. Ndivyo lilivyozaliwa jina la ndege-jua, na ndivyo yalivyozaliwa mengi ya yaliyomo katika rasimu hii mpya.

Katika rasimu hiyo ndege mwenye mdomo mkubwa wa msituni ameitwa "mdomo-pembe", ilhali hondohondo ni jina lijulikanalo kote. Ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni ameitwa "korongo-ng'ombe", ilhali yupo yangeyange. Jamii ya mdiria imepewa jina la "mvuvi-mfalme". Njiwa wa rangi ya majani alaye kuyu ameitwa "njiwa-kijani", kana kwamba ninga hakuwahi kutajwa na Mswahili yeyote.

Mfano huu wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu unaonyesha hasara ilivyo. Katika ukoo huu mmoja Kiswahili kina njiwa, hua, tetere, ninga na pugi, huyu wa mwisho akiwa mdogo kuliko wenzake. Waliotangulia walikwisha kuwagawa ndege hao, wakampa kila mmoja neno lake fupi lisilohitaji kivumishi. Rasimu imeyakunja majina hayo yote katika neno "njiwa", kisha ikaanza kuyakunjua upya kwa vivumishi: njiwa-kijani, njiwa-mdogo, njiwa-shingo-pete. Kwa kufanya hivyo haikuongeza istilahi hata moja. Imeziba macho yaliyokwisha kuona.

Kanuni za uundaji wa istilahi zilizozoeleka nchini mwetu zinajulikana. Neno hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tugeukie lugha za kigeni. Kosa la rasimu hii si kwamba imekosa kanuni. Imeanzia mwisho wa kanuni na haikupata kurudi mwanzo.

Siku moja ya Jumamosi, maji yalipokuwa yamekupwa, niliichukua orodha hiyo pamoja na kitabu cha picha na darubini ya kuazima, nikaenda Kunduchi. Nilimkuta mzee mmoja mvuvi akishona wavu. Baada ya kumwamkia na kumweleza haja yangu, nilimwonyesha picha ya mdiria na kumsomea jina lililopendekezwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mvuvi-mfalme? Huyo mfalme ni wa ukoo gani, binti yangu?"

Nikamjibu kwamba hana ukoo, ni jina tu limefasiriwa. Akacheka, akautazama ule ukurasa, akaweka kidole juu ya ndege mweusi na mweupe na kusema, "Huyu detepwani." Hakuongeza neno, akarudia wavu wake. Jina ambalo rasimu ilihitaji maneno mawili kulitunga, naye hakulielewa, alikuwa nalo mdomoni tangu utotoni.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme kwamba si kila tafsiri ya sehemu kwa sehemu ni mbaya. Katika orodha hiyohiyo limo jina "mgeuza-mawe", nalo pia limefuata Kiingereza. Nilipomwonyesha mzee picha, alisema kwamba jina lake halijui, lakini kazi yake ndiyo hiyo. Naye ndege mwenyewe alikuwapo hatua chache kutoka tulipokaa, akipindua vijiwe na mwani kwa mdomo wake ili ale wadudu waliojificha chini. Jina hili linasimama, kwa kuwa ndege analibeba. Lakini jina la "mpiga-filimbi-mchanga" halikusimama, kwa kuwa ndege waliopewa walikuwa wakitafuta chakula matopeni, wala hapakuwa na filimbi wala mchanga wa kuwatambulisha. Kwa mzee hao wote walikuwa vitwitwi.

Kwa hiyo kipimo cha istilahi si asili ya wazo, kama ni la kigeni au la kwetu. Kipimo ni kama msemaji wa Kiswahili aliyemwona ndege ataona kwamba jina hilo ni lake.

Hoja ya maneno yenye umbo moja

Watetezi wa majina mapya wana hoja moja ambayo hatuna budi kuijibu, kwani ndiyo aliyoitumia yule mwalimu. Husema kwamba majina mengi ya zamani yana maana mbili, na istilahi nzuri haina budi kuwa na maana moja. Chozi ni ndege na pia ni maji ya macho. Sululu ni ndege na pia ni chombo cha kuchimbia. Kanga ni ndege na pia ni vazi. Mwari ni ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo, na pia ni msichana aliyevunja ungo. Basi, wasema, heri tubuni majina mapya yasiyo na utata.

Hoja hii inasahau kwamba Kiswahili kina ngeli. Mtu asemapo "chozi hili limedondoka", hakuna anayedhani kwamba ndege ameanguka. Asemapo "chozi huyu ameruka", hakuna atafutaye leso. Vivyo hivyo "sululu hii imevunjika" na "sululu huyu amekwenda", "kanga hii imefifia" na "kanga huyu ametaga". Upatanisho wa kisarufi umekwisha kufanya kazi ambayo mtunga istilahi anataka kuifanya upya kwa kistari cha katikati.

Ushahidi mkubwa kupita yote ni neno "ndege" lenyewe. Kila siku abiria hushuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na hapana hata mmoja anayetarajia kukuta viota. Twasema "ndege hiyo imetua" na "ndege huyo ametua", na maana hujitenga yenyewe. Kama neno kuu la somo hili zima limeweza kubeba maana mbili bila ya kumpoteza msemaji, kwa nini chozi ashindwe?

Tunakiri kwamba mwari ni mfano mgumu zaidi, kwa kuwa mwari wa majini na mwari wa unyagoni wote huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai. Hapo muktadha ndio utakaoamua, na pale ambapo muktadha hautoshi tunaweza kusema "ndege mwari". Lakini tatizo la neno moja halihalalishi kuyatupa yote. Tena umbo moja kwa maana mbili mara nyingine ni historia iliyohifadhiwa. Yasimuliwa kwamba vazi la kanga lilipewa jina la ndege kwa sababu ya madoa yake. Tungelibadili jina la ndege tungelikata uzi huo.

Kunguru wawili

Mpaka hapa tumezungumzia majina yaliyosahauliwa na waandishi. Liko tatizo jingine gumu zaidi, nalo ni la jina lililobaki huku ndege wake akibadilika. Mfano wake ni kunguru.

Kunguru wa asili wa nchi hii ni ndege mweusi mwenye weupe shingoni na kifuani, kama aliyevaa fulana. Wataalamu humwita Corvus albus. Katika miaka ya 1890 kunguru mwingine aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi. Huyu ni mwembamba na mdogo kidogo kuliko wa kwanza, na shingo yake ni ya kijivu. Jina lake la kitaalamu ni Corvus splendens. Aliongezeka, akavuka hadi bara, akajaa katika miji ya pwani, Dar es Salaam na Mombasa zikiwamo. Hula makombo, mayai na makinda ya ndege wengine, na kunguru wa asili ameadimika sana mjini. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa mgeni huyu mwenyeji hakupona. Katika miaka ya 2010 hadi 2013 juhudi kubwa zilifanyika jijini Dar es Salaam za kuwapunguza kwa sumu, na mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kwa wingi katika pwani yake.

Lugha nayo imepatwa na jambo lilelile. Mtoto wa Kariakoo au Sinza akisikia neno kunguru humwona moyoni ndege wa shingo ya kijivu, kwa sababu huyo ndiye amjuaye. Babu yake aliyekulia Kisarawe au Bagamoyo humwona mwenye weupe. Mtunga kamusi akinakili maelezo ya zamani, mtoto ataona kamusi inasema uongo. Akieleza amwonaye dirishani mwake, vitabu vya zamani vitapoteza maana, kwani msomaji atawatia ndani yake ndege ambao hawakuwapo.

Hapa ndipo ionekanapo tofauti kati ya kunakili na kutunga kamusi. Kidahizo "kunguru" chahitaji maana mbili zilizotiwa namba, kila moja na alama zake, pamoja na maelezo mafupi ya wakati ambao yule wa pili alifika. Kwa majina kamili tunapendekeza kunguru shingo-nyeupe na kunguru shingo-kijivu. Wako wanaotaka huyu wa pili aitwe kunguru wa Kihindi. Tunaona si vema. Jina la namna hiyo halimtambulishi kwa mtu asiyejua alikotoka, nalo huelekeza lawama kwa watu ambao hawana hatia ya mayai yaliyoliwa. Shingo ya ndege haina ugomvi na mtu.

Inafaa kuongeza kwamba hata majina ya kitaalamu hayana kinga ya kosa. Neno "splendens" la Kilatini maana yake ni chenye kung'aa. Sidhani kama yuko mkazi wa Dar es Salaam ambaye angemchagulia ndege huyu sifa hiyo.

Hoja ya wataalamu wa viumbe

Hoja ya mwisho inayostahili kusikilizwa ni ya wataalamu wa viumbe. Wao husema kwamba majina ya wenyeji ni mapana mno. Yule mzee wa Kunduchi aliwaita vitwitwi ndege ambao katika kitabu cha picha wamegawanywa katika aina nyingi. Mtazama ndege ahitaji jina la kila aina, la sivyo hawezi kuandika kumbukumbu wala kuhesabu.

Hoja hii ni ya haki, lakini dawa yake si kulitupa jina pana. Lugha hujenga jina la aina juu ya jina la ukoo. Twasema papa, kisha papa wa namna hii au ile. Vivyo hivyo kitwitwi na abaki kuwa jina la ukoo, halafu tumwongezee sifa iliyoonwa: kitwitwi miguu-njano, kitwitwi kola-nyeusi, na kadhalika. Kwa njia hii mvuvi atamtambua ndege katika nusu ya kwanza ya jina, na mtaalamu katika nusu ya pili. Wote wawili watakuwa wanasema lugha moja.

Pale ambapo jina halipatikani Dar es Salaam, utafutaji usikomee Dar es Salaam. Yuko ndege mweusi na mweupe wa ufukoni mwenye mdomo mnene, alaye kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ndege huyu hutaga katika mashimo achimbayo mchangani, katika fukwe za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwa makundi katika pwani ya Afrika Mashariki wakati asipokuwa katika malezi. Rasimu imempa jina la "mla-kaa". Si jina baya, lakini kulipitisha leo ni haraka. Njia ya ndege huyu ndiyo njia ya majahazi ya zamani, na wasemaji wa Kiswahili wako katika ncha zote mbili za njia hiyo. Tuulize kwanza Lamu, Pemba, Mafia na delta ya Rufiji, na tuwaulize pia wasemaji wa Kiswahili walioko Maskati. Tukikosa kote huko, ndipo "mla-kaa" apewe kibali chake.

Tofauti za mahali na mahali nazo zisitutishe. Yule ndege wa kahawia wa vichakani ambaye watu husema sauti yake hutabiri mvua huitwa dudumizi na pia tipitipi. Ndege mkubwa wa kichwa cheupe alaye samaki huitwa furukombe na pia kwazi. Usanifishaji wahitaji kuchagua moja kwa ajili ya orodha, lakini kuchagua moja si kuliua la pili. Liwekwe katika kamusi kama kisawe, pamoja na alama ya mahali lisemwapo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza yafuatayo:

(1) Fasili ya jina la ndege itaje angalau umbo, rangi, chakula na mahali, na maneno "aina ya ndege" yasikubaliwe kuwa fasili kamili.

(2) Jina la kitaalamu litiwe mwishoni mwa fasili, ili mfasiri atokaye katika lugha nyingine apate daraja la kuvukia.

(3) Orodha yoyote ya majina ya viumbe isipitishwe kabla ya kusomwa mbele ya wenyeji wa mahali viishipo, picha zikiwa mkononi.

(4) Jina jipya libuniwe pale tu ambapo utafutaji umefanyika na kukosa, na taarifa ya utafutaji huo iambatishwe.

(5) Jina la wenyeji lisikataliwe kwa sababu tu lina maana nyingine, ikiwa upatanisho wa ngeli au muktadha unaondoa utata.

(6) Katika mitihani ya shule, jina la Kiswahili lililomo katika kamusi lisihesabiwe kuwa kosa kwa sababu halimo katika chati.

Hitimisho

Rasimu iliyoletwa nimeirudisha bila ya sahihi, pamoja na maelezo ya kila jina lililohitaji kurekebishwa. Waliyoileta wamelalamika kwamba mpiga chapa anangoja na fedha za kazi zina muda wake. Malalamiko yao nayaelewa. Lakini kitabu kilichochelewa mwezi mmoja husomwa mwezi wa pili, na jina lililotolewa midomoni mwa watoto ni vigumu kulirudisha. Kuhusu ile chati ya kwanza, nimeandika kuomba kwamba itakapochapwa tena "ndege-jua" aondolewe na chozi arudishwe mahali pake. Mtoto wa dada yangu sasa yumo katika shule ya sekondari na alama ile haimhusu tena. Inanihusu mimi.

Kazi hii haiwezi kufanywa na afisa mmoja wala ofisi moja. Wasomaji wa jarida hili wako katika kila wilaya, na wengi wao ni walimu. Tunawaomba watuletee majina ya ndege wa kwao kama yasemwavyo na wazee, wavuvi, wakulima na wawindaji. Kwa kila jina waeleze ndege anafanana vipi, anakula nini, anaonekana wapi na kwa majira gani. Wasihofu kwamba jina ni la kijijini mno au ni la lahaja. Na kama mtoto ndiye aliyelitaja, waliandike vilevile, kisha wamwulize amelisikia kwa nani.